Diploma si elimu, na mashaka peke yake si akili



Kuko ulizo moja lenye linarudia kila wakati tukitangaza kitu juu ya masomo: kusoma kunasaidia nini mu inchi hii? Wanatuonyesha vijana wenye diploma za iniversite wenye kuendesha moto tangu asubui mpaka usiku. Wengine wanauza unite chini ya parasoli, wengine wako nyumbani wanangojea mutu wa familia awatafutie pahali. Mimi niko mumoja wao. Huu ni mwaka wa pili niko na diploma, kazi hakuna. Kwa hiyo siandike haya sawa vile mutu mwenye kushiba anafundisha wenye njaa.

Lakini ulizo lile linachanganya vitu viwili. Diploma ni karatasi ya kufungulia mulango wa kazi, kama kazi iko. Kazi ikikosa, kosa iko kwa wale wenye kusimamia uchumi wa inchi, haiko kwa kitabu. Elimu ya kweli, ile yenye kuingia ndani ya mutu na kubakia mule, ni kitu kingine. Na ile wengi wetu hatukuipata, hata kama tulimaliza miaka 5 mu iniversite.

Tulipata nini? Tulipata silabusi. Unanunua silabusi, usipoinunua jina lako haliko kwa liste, na mwenye haiko kwa liste anajua pointi zake zitakuwa za namna gani. Profesa mugeni anafika, anatoa kozi ya saa 45 mu siku 5, anapanda ndege. Tunakariri, tunapita mitihani, tunasahau. Kwa TFC, wengine wanakamata kazi ya mwaka wenye ulipita, wanabadilisha jina la muji, wanaipeleka. Nilijua biblioteki moja yenye ufunguo wake ulikuwa na mutu mumoja tu, na mutu yule hakuwa anapatikana. Njo maana kijana akisema kusoma hakukumupatia kitu, ninamuelewa. Alilipa feza nyingi sana kwa kitu chenye hakupewa.

Sasa elimu yenye kuingia ndani inafanana na nini? Tusiende mbali. Tukamate mambo yenye sisi watu wa Beni, Butembo na Mangina tuliishi ndani yake.

Ebola ilitangazwa kwetu tarehe 1/8/2018, ikatangazwa kumalizika tarehe 25/6/2020. Watu 3470 waligonjwa. 2287 walikufa. Kila mumoja wetu anajua familia yenye haikupewa nafasi ya kumuosha marehemu wao.

Mukumbuke tulikuwa tunasema nini wakati ule. Tangu Oktoba 2014 watu walikuwa wanachinjwa mu vijiji vya Beni, na dunia haikukuja. Halafu ugonjwa ukaingia, na mu majuma machache barabara zikajaa majeep mapya, mahoteli yakajaa, na tukasikia mishahara yenye hatukuwa tumesikia kwetu. Kisha, tarehe 26/12/2018, siku 4 mbele ya uchaguzi, CENI ikasema Beni na Butembo hawatachagua pamoja na inchi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Watachagua mwezi wa 3. Mu mwezi wa kwanza prezidenti mupya akaapishwa bila kura zetu. Tarehe 30/12/2018 wakaaji wa Beni walipanga mistari, wakanawa mikono, wakapiga kura zao wenyewe za mufano, kusudi waonyeshe kama mutu anaweza kuchagua bila kuambukiza mwenzake. Mutu mwenye akili angekosa namna gani kuwa na mashaka?

Mashaka yale yalikuwa ya haki. Hakuna mwenye anapaswa kuomba radhi kwa sababu aliuliza. Shida iko kwa kile chenye kilifuata. Wengi walibakia pale pale kwa mashaka. Audio moja ya WhatsApp ikatosha: mutu asiyejulikana jina anasema ndugu yake wa hospitali alimuambia. Hakuna mwenye aliuliza ndugu gani, hospitali gani, aliona nini. Mwezi wa 2 wa 2019, centre za matibabu za Katwa na Butembo zikashambuliwa na kuchomwa. Mwezi wa 4, munganga Richard Mouzoko, mwenye alitoka Kameruni kuja kutusaidia, akapigwa risasi mu hospitali ya Butembo, akafa. Na wagonjwa wengi wakabaki mu nyumba siku nyingi, wakafika kwa centre wakati virusi imekwisha kujaa mu damu.

Sasa angalieni mutu mwingine mwenye alikuwa na mashaka.

Munamo 1976, munganga Jean-Jacques Muyembe alikuwa na miaka 34. Alisoma unganga Lovanium, Kinshasa, kisha Leuven mu Ubelgiji, pahali alipata udokta wake juu ya virusi, akarudi. Alitumwa Yambuku, mu Équateur ya wakati ule, pahali watu walikuwa wanakufa mu hospitali ya misioni. Watu walifikiri iko homa ya tumbo ao homa ya manjano. Yeye alitosha damu ya wagonjwa bila kuvaa kitu mikononi, na akaona jambo lenye lilimusumbua: sindano ikitoka, damu ilikuwa inaendelea kutiririka. Homa ya tumbo haifanye vile. Alirudi Kinshasa pamoja na mutawa mumoja mugonjwa, mwenye alikufa kisha siku chache. Damu ya mutawa ikapelekwa Antwerpen, mu Ubelgiji, juu hapa kwetu hakukuwa laboratwari yenye ingeweza kuonyesha kitu kile. Ugonjwa ukapewa jina la muto: Ebola.

Hapo angeweza kurudia kufundisha na kulipwa mushahara wake. Aliendelea na ulizo lake. Munamo 1995 ugonjwa ukatokea Kikwit, watu karibu 250 wakafa. Akajiuliza jambo lenye hata mama wa soko angeweza kuuliza: wale wenye wamepona, damu yao iko na nini ndani? Akapatia wagonjwa 8 damu ya watu wenye walipona. 7 kati yao wakaishi.

Wenye elimu wa n'je wakamujibu kama ile haihakikishe kitu. Wagonjwa walikuwa wachache, tena hakukuwa kikundi kingine cha kulinganisha. Na tuseme ukweli: kwa kanuni za sayansi, walikuwa na sababu. Pengine wale 7 wangepona tu. Mutu wa mashaka ya kukaa angesema: munaona, wazungu wanatuzarau, basi. Na pengine zarau ilikuwamo pia. Lakini jibu la zarau ni ushuhuda wenye nguvu kuliko ule wa kwanza, na ushuhuda unakamata muda.

Ulikamata muda kweli. Miaka 11 kisha ugonjwa wa Kikwit, walikamata tena damu ya mutu mumoja mwenye alipona, wakakuta mwili wake ungali unakumbuka namna ya kupigana na virusi. Kutoka mu damu ile, INRB ya Kinshasa pamoja na watafiti wa Marekani wakatengeneza dawa yenye waliita mAb114. Mwezi wa 11 wa 2018 ikaanza kupimwa kwetu, pamoja na dawa zingine 3, na mara hii vikundi vya kulinganisha vilikuwa. Mwezi wa 8 wa 2019 majaribio yakasimamishwa mapema kwa sababu dawa 2 zilikuwa zimeshinda zingine, na mAb114 ilikuwa mumoja wazo. Kati ya watu wenye walipewa moja ya dawa hizo 2 mapema, virusi ikiwa bado kidogo mu damu, karibu 9 kati ya 10 waliishi. Mwezi wa 12 wa 2020 Marekani ikaitolea ruhusa kwa jina la Ebanga.

Kutoka Kikwit mpaka ruhusa ile ni miaka 25. Kutoka Yambuku ni miaka 44. Mutu mumoja, ulizo moja.

Munaona? Mashaka ya Muyembe na mashaka ya audio ya WhatsApp yalianza kwa neno moja: "Siamini hii maneno." Ya kwanza yakaondoka kwenda kutafuta. Yakakubali kupimwa mbele ya watu, yakakubali kuambiwa hapana, yakarudia tena. Ya pili yakakaa kwa kiti, yakangojea kupewa haki. Kwangu, elimu yenye kuingia ndani iko pale: mashaka yenye imekubali kufanya kazi. Haipimwe kwa wingi wa maneno ya Kifaransa yenye mutu anajua, wala kwa kravati. Pima hivi: uliza mutu anajua namna gani kile anachosema, na angalia kama anaweza kukuonyesha njia mpaka pale ilianzia.

Lakini tusimalizie kwa kusifu wenye elimu. Wao pia walikuwa na deni kwetu, na hawakulilipa vizuri. Watu wa Riposte walifika na karatasi za Kifaransa na watu wa kuongea Lingala, mbele ya mama wa Katwa mwenye anasikia Kinande na Kiswahili cha soko. Walimuambia atoe mutoto wake, amuingize mu nyumba ya plastiki, bila kumueleza mu luga yake kitu gani kitafanywa mule. Kama mama alikataa, tusiseme haraka kama ni ujinga. Elimu yenye haijashuka mpaka mu luga ya mutu mwenye inamuhusu haijamaliza kazi yake. Na wenzetu wa Butembo wenye walizunguka kartie kwa kartie wakieleza mu Kinande walifanya kazi ya usomi, hata kama hawakuwa na diploma.

Kuko deni ya pili, ya Leta. Damu ni ya Kikwit, wagonjwa wenye walikubali majaribio ni wa Beni na Butembo, munganga ni Mukongomani. Lakini ruhusa ya kutengeneza dawa ile iko mikononi mwa kampuni ya Marekani. Na haiko mara ya kwanza. Munamo 1941, kituo cha Yangambi, karibu na Kisangani, kilionyesha namna ya kukutanisha aina mbili za mingazi ili kupata ile yenye kutoa mafuta mengi. Ujuzi ule ulitoka mu udongo wetu, wakati wa ukoloni, ukazunguka dunia. Malezia ikajengea juu yake utajiri wake wa mawese. Leo mafuta ya Malezia yanafika mpaka mu masoko ya Kongo, na sisi tunayanunua. Inchi yenye haitunze wenye kujua inakuwa shamba pahali wengine wanakuja kuvuna ujuzi, sawa vile wanavuna koltani.

Sasa wengine watasema: haya ni mambo ya wanganga na malaboratwari, sisi tuko wanaharakati, kazi yetu ni barabara. Ninasema hapana. Njo sisi tuko na lazima zaidi.

Kamateni Katiba ya tarehe 18/2/2006, article 26. Ni mara ngapi polisi inatuambia kama maandamano yetu "haina ruhusa"? Mwenye amesikia tu juu ya Katiba anajibu kwa kupiga kelele. Mwenye ameisoma anajua kama article ile inaomba wenye kupanga maandamano wajulishe wakubwa kwa maandishi. Kujulisha. Haiseme kuomba ruhusa. Neno moja, na pale njo haki yetu yote iko. Lakini kulitetea mbele ya muzuzi kunaomba zaidi ya kulijua kwa kichwa: lazima kujua sheria zenye zilikuja kisha, kuchunga kopi ya barua yenye alama ya kuipokea, kujua nani alikuwa na haki ya kuipokea. Wenzetu wenye waliingia gereza mara mingi wanajua kama siku ya mahakama karatasi ile moja inasema kuliko mabango 100.

Ao kamateni kodi ya madini yenye tunaita redevansi. Kanuni ya madini ya 2018 inagawa hivi: 50% kwa Leta ya Kinshasa, 25% kwa jimbo, 15% kwa muji, komini, sekta ao sheferi pahali madini yanatoka, na 10% kwa feza za vizazi vyenye vitakuja. Tena kampuni inapaswa kutoa angalau 0.3% ya feza ya mauzo yake kwa ajili ya maendeleo ya wakaaji wa pale. Kijana wa Kolwezi ao wa Walikale mwenye anapiga kelele kama "wanatuibia" anasema kweli, na wakubwa wanacheka. Kijana mwenye anakuja na hesabu ya ile 15% ya miaka 3, anauliza ilipita kwa konti gani, na anarudi kila mwezi na ulizo lile lile, hawamucheke. Wanaanza kutafuta mujomba wake wa kumutuliza.

Njo maana watawala hawakupenda wasomi tangu zamani. Tarehe 4/6/1969 Mobutu alipigisha wanafunzi wa Kinshasa risasi. Munamo 1971 aliwaingiza mu jeshi kwa nguvu, na mwaka ule ule akaunganisha iniversite zote 3 za inchi kuwa moja ili azishike vizuri. Usiku wa tarehe 11 kuingia 12/5/1990, wanafunzi wa Lubumbashi walivamiwa mu vyumba vyao. Kama kusoma hakukuwa na nguvu, wangejisumbua namna ile juu ya nini? Leo hawahitaji tena risasi kwa kazi hiyo. Inatosha kuacha biblioteki ifungwe, profesa asilipwe, silabusi iuzwe, na sisi wenyewe tutamalizia kwa kusema kusoma hakusaidie kitu. Mutu akikufungia mulango, na wewe ukiongeza kufuli yako, amekushinda mara mbili.

Kwa hiyo tunaomba vitu vyenye kueleweka. Mambo 4.

Ya kwanza: iniversite za Leta zifungue biblioteki zao kwa kila mukaaji wa muji, hata mwenye haiko mwanafunzi, na saa za kufungua zibandikwe kwa mulango. Ya pili: TFC, memwari na tezi zote ziwekwe kwa intaneti bure. Kuko kazi nzuri sana juu ya maji, mimomonyoko, bei ya chakula, magonjwa, zenye zinakuliwa na panya mu vyumba wakati wakubwa wa muji wanalipa wataalamu kutoka n'je kufanya uchunguzi ule ule. Na kazi yenye iliibwa itajulikana haraka. Ya tatu: feza zenye bunge inapitisha kwa ajili ya utafiti zitoke kweli, na kila mwaka waziri aonyeshe hazarani kiasi gani kilipitishwa na kiasi gani kilitoka. INRB, Lwiro, Yangambi na kituo cha kuchunga volkano cha Goma wasiishi kwa kungojea mufazili. Ya nne: kila uchunguzi wenye unafanywa juu ya watu wetu urudishwe kwa watu wale mu luga yao, mbele ya kupelekwa kwa mukutano wa Genève.

Lakini tusingojee Leta kwa kila kitu. Ninatoa shauri kwa kila kikundi chetu, mu kila muji. Muchague ulizo moja tu, mulifuate miezi 12. Mu muji wenu, maji ya bomba inapimwa na nani, na matokeo iko wapi? Kodi yenye mama wa soko analipa kila asubui inaingia mu konti gani? Barabara yenye ilitangazwa imejengwa, mukataba wake unasema kilometre ngapi? Mugawane kazi: mumoja asome sheria, mumoja aende kwa biro aombe karatasi, wawili wazunguke kartie wakiuliza na kuandika tarehe na majibu, mumoja atafsiri kwa luga ya nyumbani. Musiweke mu maandishi kitu chenye hamuwezi kuonyesha kilitoka wapi. Mukikuta mulikuwa munafikiri vibaya, muandike vile pia. Watu watawaamini zaidi.

Ninajua hii haitanipatia kazi kesho, na haitalipa nyumba ya mutu mwezi huu. Vita ya kazi tutaiendelesha pembeni, hatuiache. Lakini diploma yangu iko mu valizi, na hakuna mwenye ananikataza kuamuka asubui na ulizo mu kichwa. Vijana wa inchi hii wako na muda mwingi wenye Leta iliwatupia sawa vile takataka. Tukiutumia kufuata maulizo mpaka mwisho, wakubwa watajuta kama hawakutupatia kazi mapema.

Muandike hapa chini ulizo la muji wenu. Wiki yenye kuja tutatangaza liste, na nani amekamata lipi.